Daktari wa mji wa makaa

Juma hili ninataka tuongee juu ya jambo ambalo katika kikundi tunalisema kwa sauti ya chini: mimba ambayo mwanamke hawezi kuibeba.

Mimi nilikomalia karibu na machimbo, ndiyo maana habari ya Daktari Robert Spencer iliniingia moyoni. Alifanya kazi Ashland, mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Alishuka hata ndani ya mashimo kuwatibu walioumia. Na kwa miaka mingi, wakati sheria ilikataza, aliwatoa wanawake mimba. Watu wanakadiria kwamba aliwasaidia 40,000 ao zaidi, wengine kutoka mbali sana. Alianza kwa kuomba dola 5, na hata miaka ya mwisho kwa kawaida hakupitisha dola 100. Mji ulijua, ukanyamaza, maana ni yeye huyo aliyetibu watoto wao.

Sisemi alikuwa malaika. Mwaka 1956 mwanamke mmoja alifia mikononi mwake, akiwa amepewa dawa ya usingizi. Alishitakiwa, na raia walioketi kuhukumu wakamwachilia. Alifariki Januari 1969, akingojea kesi ingine. Mwaka 1973 mahakama kuu ya Marekani iliruhusu kutoa mimba. Mwaka 2022 ikaondoa ruhusa ile.

Sheria haikuwazuia wale wanawake kwenda. Ilifanya tu wengine waangukie mikono mibaya, wale wasiofika Ashland.

Sisi tunaijua ile mikono. Jirani yangu, mama wa watoto 4, alibakwa akitoka shambani. Alipoona ana mimba, alikunywa mizizi usiku, bila kumwambia mtu. Tulimzika siku ya tatu. Watoto wake 2 wanalala kwangu mpaka leo.

Hapa Kongo sheria ya adhabu inakataza kutoa mimba. Lakini Mkataba wa Maputo, ambao ulitangazwa katika Gazeti Rasmi la nchi yetu mwaka 2018, unaruhusu daktari kusaidia kama mwanamke alibakwa, kama mimba ni ya ndugu wa damu, ao kama inahatarisha maisha yake, afya ya mwili ao ya akili. Yule mama hakuwahi kusikia neno hilo.

Najua kati yetu kuna wasiokubali kabisa kutoa mimba, na ninawaheshimu. Lakini hata wao wanaweza kumshika jirani mkono. Mwanamke akibakwa, asioge, asingoje. Apelekwe hospitali mbele ya saa 72 kupita. Pale kuna dawa ya kuzuia mimba na dawa ya kumkinga na ukimwi. Na kama mimba imekwisha kuingia, aende kwa daktari. Tumsindikize, tungoje naye pale nje, turudi naye nyumbani.