Mstari wa Kusubiri

Hapa Sange, mashariki mwa Kongo, wengi wetu tenisi tunaiona kwenye simu tu. Ng'ambo ya mto Ruzizi, Bujumbura nchini Burundi, ndiko alikozaliwa Sada Nahimana mwaka 2001, binti aliyefika mashindano ya kulipwa. Watoto wetu wana vumbi na mpira wa miguu, mara nyingi mmoja kwa kundi zima. Hata hivyo, tenisi ndiyo iliyonifanya niutazame upya mstari wa kusubiri zamu mazoezini.

Piga hesabu. Watoto 20 wamejipanga, kocha anarusha mpira, kila mmoja anapiga na kurudi nyuma. Zamu ikichukua sekunde 6, mtoto anapata mpira mara moja kila dakika 2. Katika saa nzima amecheza dakika 3. Hizo 57 zilizobaki anajifunza kusukumana na kumchokoza aliye mbele. Wapole, hasa wasichana, wanapitwa mpaka wanajikuta mkiani. Halafu tunalalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu!

Mwaka 2007 Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lilianzisha mpango wa Play and Stay: mipira ya mwendo wa polepole, viwanja vidogo, na anayeanza acheze tangu siku ya kwanza. Uwanja mmoja ukigawanywa, jozi kadhaa zinacheza kwa pamoja. Kamba kati ya miti miwili ni wavu tosha, na kibao ni raketi.

Nikiwa kwenye salongo, kazi ya pamoja ya jamii, huwa naukumbuka mstari ule. Majembe matano, watu arobaini. Wasio na jembe wanakaa kivulini kupiga soga, na jioni wanaitwa wavivu. Uvivu gani huo, wakati hakuna aliyewagawia kazi?

Ila kazi ya kumpa mtu ichaguliwe. Anayehesabu pointi yumo mchezoni: anatazama, anabishana, anajifunza. Mnyonge anayetumwa kuokota mipira kila siku anajua kabisa kwamba amewekwa kando, hata akikimbia kuliko wote. Wala simaanishi pilikapilika zisizo na pumzi. Kwa joto la uwanda huu wa Ruzizi, kupumzika na kunywa maji ni sehemu ya mazoezi.

Kocha asiyeamini amchague mtoto mmoja, si yule hodari, ahesabu kimyakimya ni mara ngapi anaugusa mpira mpaka filimbi ya mwisho.