Mwanagenzi na Maombi Yake

Wakufunzi wenzangu wameniuliza kwa nini naacha madaftari mezani na kukaa na mwanachuo mmoja juu ya maombi ya kazi isiyo na ofisi. Yafaa niwaeleze.

Mpango wenyewe huitwa Google Summer of Code. Ulianza mwaka 2005 kwa wanafunzi wa vyuo, na tangu 2022 hata asiye mwanafunzi huruhusiwa kuomba, alimradi ametimiza miaka 18 na ni mgeni katika kazi hiyo. Mwombaji huchagua chama kimoja cha watengenezaji wa programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake u wazi kwa kila mtu kuusoma na kuurekebisha. Akikubaliwa, huwa mwanagenzi chini ya mlezi kwa majuma kadhaa, na posho hutolewa na kampuni ya Google.

Mwanachuo wangu, binti wa wakulima wa mboga wa Mgeta, huko juu Uluguru, alichagua LibreOffice. Uchaguzi huo ulinipendeza, kwani programu hiyo ilichipuka mwaka 2010 kutoka OpenOffice, ile ile ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuifasiri kwa Kiswahili mwaka 2004 ikaitwa Jambo OpenOffice.

Chama hicho hakitosheki na vyeti. Humtaka mwombaji kwanza arekebishe kasoro ndogo katika msimbo, kazi yake ikaguliwe hadharani. Hapo ndipo binti alipokwama. Kuandika msimbo alijua; kuuliza ndiko alikokuwa hakujui. Siku nne alihangaika na kasoro moja, akiona haya kumwuliza mtu wa Ulaya swali ambalo, alisema, lingemwonyesha mjinga. Nani aliyemfunza haya hiyo? Nadhani ni madarasa yetu, ambamo anayeuliza huhesabiwa kuwa hakusikiliza.

Nilimwambia aandike mambo matatu: alichojaribu, alichotarajia, na alichokiona. Swali tuliliandika mara tano. Jibu lilikuja usiku ule ule, fupi, likimwelekeza faili la kutazama. Hakuna aliyemcheka.

Mpango wa kazi wa juma kwa juma haukumtisha, maana ni azimio la kazi kama tulijualo. Ila mlezi alimwuliza: utajuaje kwamba juma la tatu limefaulu? Swali hilo nimeliandika kwa wino mwekundu pembeni mwa maandalio ya somo yasiyo na idadi!

Mama yake, ambaye huteremsha kabichi mpaka soko la Morogoro, alitaka kujua kama posho hiyo italipa ada ya muhula ujao. Nilimjibu kwamba waombaji ni wengi na nafasi ni chache, asiikopee. Alinyamaza, kisha akasema binti aendelee, ila Jumamosi asaidie sokoni.

Majibu hayajatoka. Marekebisho yake mawili yamekwisha kukubaliwa, nayo yamo katika programu hata kama yeye hatachaguliwa. Jumatatu ameanza la tatu.