Maneno ya Kiingereza ya Kuchukia

Nina kosa la kuungama, nalo lilianza kwa herufi moja.

Mzee mmoja Mwingereza, aliyenifundisha tangu darasa za chini hata nikawa mwalimu, alinialika kukaa kwake wakati wa likizo. Nikaona haya kumtaabisha, maana umri wake umekuwa mkubwa na mtumishi hana. Nikataka kumwandikia kwamba nasita kuja. Vitabuni nalikuwa nimeokota neno zuri, “loath”, maana yake ni mtu asiye na moyo wa kutenda jambo. Nalilidhani ni kitendo, nikatia “e” mwishoni, nikamwandikia kwamba “I loathe” kuja nyumbani kwake. Baada ya majuma matatu nikapata jibu la mistari miwili: aliniuliza amenitenda kosa gani hata nyumba yake initie kinyaa.

Nalifunga safari siku ile ile. Nilipomweleza alicheka sana. Lakini nilipoiona barua yangu imewekwa ndani ya Biblia yake, nilijua kuwa hakucheka alipoisoma mara ya kwanza. Akanifundisha tena kama mtoto: “loath” huishia kwa sauti ya th katika thamani, na “loathe” kwa sauti ya dh katika dhambi. Sisi wenye Kiswahili hatuna udhuru, kwani sauti hizo tunazo zote mbili.

Tangu hapo siwaachi wanafunzi wangu wafasiri kila neno la namna hii kwa “kuchukia” tu. “Hate” ndiyo chuki yenyewe, nalo ni neno la asili la Waingereza. Mengine mengi waliyapata katika Kilatini. “Abhor” asili yake ni kurudi nyuma kwa kutetemeka, nywele zikisimama. Mtu wa pwani angesema malaika yamemsimama. “Despise” ni kutazama kutoka juu, ndiyo dharau. “Detest” lilikuwa kulaani huku ukimwita Mungu awe shahidi, wala halikuwa neno la kutamkwa ovyo. Siku hizi mtu hulisema juu ya bamia. Na “nausea”, yaani kichefuchefu, limetoka kwa Wayunani, katika neno lao la merikebu. Aliyevuka kwenda Unguja wakati wa kusi hahitaji maelezo.

Neno linalonishughulisha zaidi ni “disgust”, lililoingia katika Kiingereza mwisho wa karne ya 16. Asili yake ni jambo la ulimi, kuikataa ladha ya kitu. Ndilo kinyaa chetu. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1872 juu ya jinsi wanadamu na wanyama wanavyoonyesha yaliyo moyoni, amesimulia habari ya Tierra del Fuego, ncha ya kusini ya Amerika. Mwenyeji mmoja aligusa kwa kidole nyama baridi ya akiba aliyokuwa akiila Darwin, akaonyesha wazi kinyaa kwa ulaini wake. Darwin naye akaona kinyaa kwamba chakula chake kimeguswa na mtu aliye uchi, ingawa, asema mwenyewe, mikono ya mtu yule haikuonekana michafu.

Naliwasomea wanafunzi habari hii, kisha nikanyamaza kidogo. Kinyaa cha mwenyeji kilikuwa cha nyama. Cha Darwin kilikuwa cha mtu. Mwenye chuki mara nyingi ana sababu, na mwenye sababu aweza kupatanishwa, kama nilivyopatana na mzee wangu. Lakini anayemwonea mwenzake kinyaa hamdai kosa lolote, basi apatanishwe kwa lipi? Darasani mlikuwamo mtoto mwenye mapunye kichwani, ambaye wenzake walikataa kunywea kikombe kimoja naye. Wengine waliinama. Yeye ndiye aliyenyosha mkono.

“Mwalimu, na yule mtu aliyegusa nyama, kwa lugha yake alisemaje?”

Nikakitazama tena kitabu. Darwin ameandika alivyoonekana. Neno lake hakuliandika.