Ariake, Mahali Magari Yetu Yanapozaliwa

Ariake ni ardhi iliyotengenezwa na mikono ya watu. Palikuwa maji matupu, sehemu ya Ghuba ya Tokyo, mpaka Wajapani walipojaza udongo juu ya bahari, wakanyoosha barabara na kusimamisha majumba. Katikati ya ardhi hiyo upo ukumbi mkubwa uitwao Tokyo Big Sight, uliofunguliwa mwaka 1996. Sura yake ni ya ajabu: piramidi nne zilizopinduliwa, ncha chini na vitako juu, zimesimamishwa juu ya nguzo kama meza ya jitu. Mbele yake, kwenye nyasi, limechomekwa sanamu la msumeno wenye mpini mwekundu, mkubwa kuliko nyumba, kana kwamba seremala wake amekwenda kunywa chai na atarejea kuikata dunia vipande viwili.

Tulifika hapo kwa treni ya Yurikamome, tukitokea Shimbashi. Treni hiyo haina dereva. Huondoka yenyewe, husimama yenyewe, hufunga milango yenyewe, na hupita juu ya Daraja la Rainbow huku bahari ikimeta chini. Watoto wetu wawili walikimbilia kiti cha mbele kabisa, pale ambapo kwetu angekaa dereva na utingo wake, wakaendesha kwa mikono mitupu njia nzima. Nasi wakubwa tulicheka: tunakwenda kutazama magari kwa chombo kisichohitaji mtu wa kukiendesha.

Maonyesho yenyewe yalikuwa ya Oktoba na Novemba 2023. Kwa miaka mingi yaliitwa Maonyesho ya Magari ya Tokyo. Mwaka huo yakapewa jina jipya, Japan Mobility Show, kwa maana kwamba si magari tu yanayoonyeshwa, bali kila kimwezeshacho mwanadamu kwenda kutoka hapa hadi pale. Yale ya mwaka 2021 yalifutwa kwa sababu ya korona, na kwa hiyo watu walikuwa na kiu. Waliohudhuria walipita milioni 1.1, na makampuni na taasisi zilizoshiriki zilikuwa 475. Tulienda siku ya kazi tukidhani tutapata nafasi. Nafasi haikuwapo.

Inafaa kukumbuka mwanzo wa jambo hili. Maonyesho ya kwanza yalifanyika Aprili 1954, nje, katika bustani ya Hibiya, miaka michache tu baada ya vita vilivyoiacha Tokyo majivu. Vyombo vilivyopangwa hapo vilikuwa 267, na katika hivyo magari madogo ya abiria yalikuwa 17 tu. Vilivyobaki vilikuwa malori, mabasi, pikipiki na vigari vya mizigo vya magurudumu matatu. Japani ya wakati huo ilikuwa nchi ya watu wa kubeba mizigo, wanaotazama gari dogo la abiria kama tunavyotazama sisi jahazi la tajiri likipita mbali. Tuliyakumbuka hayo kila tulipoona jambo la fahari mle ukumbini.

Msomaji atauliza: Tokyo na Mombasa wapi na wapi? Jibu liko Kilindini. Magari mengi yanayotembea katika barabara zetu yalikwisha kutembea Japani kabla ya kupanda meli. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani ukiwa kulia. Tena kwao gari hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Basi mtu huona afadhali auze la zamani anunue jipya. Kwetu, sheria hairuhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limepita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Ukiyaunganisha hayo, utaona kwamba kinachooneshwa Ariake leo ndicho kitakachoshushwa bandarini petu baada ya miaka minane au kumi, kikiwa kimechakaa kidogo, redio ikizungumza Kijapani. Pia hakishuki kwa ajili yetu peke yetu: kuna cha Uganda, cha Sudan Kusini, cha mashariki ya Kongo.

Na kuna wanaokula kwa njia hiyo. Mjomba wetu ana gereji Majengo. Amelea watoto sita kwa spana, na wanafunzi wake wametapakaa kutoka Kisauni hadi Ukunda. Aliposikia kwamba binamu yetu, anayefanya kazi ya kusafirisha magari huko Yokohama, ametualika, hakutuagiza saa wala simu. Alisema, "Wanangu, msinipigie picha za rangi na taa. Inameni, mnipigie picha za chini ya gari. Nataka kujua nimebakiwa na miaka mingapi ya kazi." Agizo hilo lilitufuata ukumbi baada ya ukumbi.

Yanayovuta macho zaidi ni yale magari ya dhana, yaani magari yaliyoundwa moja moja kuonyesha fikra, si kuuzwa. Nissan walikuwa nayo matano, na umati mkubwa ulikuwa mbele ya lile liitwalo Hyper Force: jeusi, la pembe pembe, kama lililochongwa kwa shoka. Walisema nguvu yake yafika kilowati 1,000, ambayo ni zaidi ya mara kumi ya Probox inayopeleka miraa kwa kasi ya kutisha barabarani kwetu. Hatukuona haja yake. Mazda Iconic SP, kwa upande wake, ilitunyamazisha. Ni gari dogo jekundu la watu wawili, mistari yake imelala kama maji yaliyotulia, na ndani yake wamerudisha injini ya mzunguko, ile isiyo na pistoni za kupanda na kushuka bali kipande cha pembe tatu kinachozunguka, ambayo Mazda waliianza kuiuza mwaka 1967 katika gari la Cosmo Sport. Safari hii injini hiyo haikusudiwi kusukuma magurudumu, bali kuzalisha umeme. Kitu cha kale kimepewa kazi mpya, hilo tulilipenda.

Toyota walileta Land Cruiser Se, yenye viti vya safu tatu, urefu wa mita 5 na sentimita 15, na isiyotumia tone la mafuta. Wazee wetu waliozoea kuitambua Land Cruiser kwa ngurumo yake wangepata tabu. Jirani yao walikuwapo Wachina wa BYD, waliokuja kwenye maonyesho haya kwa mara ya kwanza, na gari lao kubwa, Yangwang U8, ambalo laweza kujizungusha mahali lilipo, na hata kuelea majini kwa muda mfupi wakati wa dharura. Sisi tunaovuka Likoni tulitazamana. Tulilosoma katika nyuso za Wajapani waliolizunguka gari hilo ni jambo jingine: walikuwa wakilipima kimya kimya, kama mwenye duka anavyolitazama duka jipya lililofunguliwa ng'ambo ya barabara.

Watoto hawakujali lolote katika hayo. Wao walikuwa kwenye roboti liitwalo Archax, lenye kimo cha mita nne na nusu, ambalo mtu huingia kifuani akaliendesha. Tuliwaondoa hapo kwa taabu.

Lakini gari tulilosimama mbele yake muda mrefu kuliko yote halikuwa na umati. Liliitwa IMV 0. Ni pikapu iliyojengwa juu ya fremu ya ukoo wa Hilux, na uso wake ni wa mraba kama katuni ya mtoto. Nyuma, badala ya bodi iliyokamilika, kuna jukwaa bapa lenye matundu ya kufungia bolti. Basi. Fikra yake ni kwamba kiwanda kisimalize gari. Kimwachie mnunuzi na fundi wa mtaani kwake walimalize wenyewe. Anayetaka kubebea mboga afunge kreti, anayetaka jiko la kuuzia chakula afunge jiko, anayetaka gari la wagonjwa ajenge kibanda. Gari hili halikukusudiwa Japani hata kidogo, bali nchi kama zetu. Na mwezi ule ule wa Novemba 2023 likaanza kuuzwa Thailand kwa jina la Hilux Champ. Tuliwaza mafundi wetu wa kuchomelea vyuma, ambao kwa miaka yote wamekuwa wakibomoa walichokamilisha Wajapani ili wajenge wanachokitaka wateja. Kumbe kuna mtu aliwaona. Katika ukumbi uliojaa magari yasiyomhitaji mtu, hili moja lilikuwa linamwomba fundi aje.

Mjomba tulimpigia picha kumi na moja za jukwaa lile.

Upande wa Suzuki palikuwa na eWX, kigari cha umeme cha ukoo ule ambao Wajapani huuita kei. Sheria yao huweka mipaka: urefu usizidi mita 3.4, upana usizidi mita 1.48. Hiki kingeweza kwenda kilomita 230 kwa chaji moja. Ni safari ya kutoka Mombasa kwenda Malindi, na karibu yote ya kurudi. Tulipokipima kwa macho, tuliona kingepita katika vichochoro vingi ambavyo leo vinapitwa na tuktuk pekee, bila moshi na bila kelele. Hyper Force ibaki Tokyo. Hiki kingekuja kesho.

Na hapo ndipo tulipoinama, kama tulivyoagizwa. Chini ya gari la umeme hakuna cha kuona. Hakuna ekzosi, hakuna sampu ya mafuta, hakuna giaboksi ya kufungua ukamwaga vyuma juu ya gunia. Kuna ubao mmoja mpana wa betri na nyaya nene za rangi ya chungwa. Rangi hiyo imewekwa kuwa onyo: umeme unaopita humo ni wa volti mamia, nao humuua aliyeshika kwa pupa. Binamu yetu alitueleza kwamba katika kazi yake hakuna anayegusa nyaya hizo kabla ya kuukata umeme wa betri kuu na kusubiri.

Alitueleza na jingine ambalo twaona kila familia inayofikiria kununua gari la aina hii yapasa kulijua. Prius ilionyeshwa kama gari la dhana hapo hapo nchini mwao, katika maonyesho ya mwaka 1995. Desemba 1997 ikaanza kuuzwa, na leo haibridi ni gari la kawaida kwetu. Betri yake hupozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, karibu na kiti cha nyuma. Kichujio cha feni hiyo kikijaa vumbi, betri huchemka na kufa kabla ya wakati wake, na mwenye gari hulaumu Japani ilhali dawa ilikuwa brashi. Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa Desemba 2010, ni ya umeme mtupu, na betri ya matoleo yake ya awali haina maji ya kuipoza, joto huidhoofisha. Mbele ya dereva pana vijistari 12 vinavyoonyesha uzima uliobaki wa betri, ambavyo ni tofauti na vile vya chaji. Vikipungua havirudi. Gari lililotoka Hokkaido kwenye theluji na lililotoka kusini kwenye joto yaweza kuwa na mwaka mmoja na rangi moja, lakini si gari moja. Muuzaji katika mnada haulizwi hayo mara nyingi, kwa sababu wanunuzi hutazama kilomita.

Jambo hili lilitukaa moyoni kuliko mataa yote ya ukumbini. Miaka minane ya sheria yetu iliwekwa kwa ajili ya injini za mafuta. Injini ya miaka minane iliyotunzwa ni kijana. Betri ya miaka minane yaweza kuwa mzee, na mwanga wa Tokyo hauonyeshi uzee huo. Nissan walisema wanakusudia kuuza betri za aina mpya, za yabisi badala ya majimaji, katika mwaka wa fedha 2028. Zikitimia, Wajapani watazipenda, na zile za zamani watazitoa nyumbani kwao. Zitakwenda wapi? Meli zinajua njia.

Tulimpigia mjomba simu usiku ule kutoka Yokohama, ikiwa kwake bado ni alasiri, nyundo zikisikika nyuma yake. Tulimpelekea picha moja moja. Ya Hyper Force hakuijibu. Ya IMV 0 alisema, "Hii nimeielewa." Ya nyaya za chungwa alikaa kimya kitambo, tukadhani simu imekatika. Kisha akauliza kama huko Yokohama twaweza kumtafutia zile glavu za mpira zivaliwazo na wanaozigusa, na kama zinapatikana za mkono mdogo, kwa kuwa mwanafunzi wake mwepesi kuliko wote ni kijana wa miaka kumi na sita.