Njia ya Juu, Njia ya Chini

Zamani mtu wa Kigamboni akisema kesho anakwenda Kimbiji kwa miguu, aliulizwa swali moja tu: utapita juu au utapita chini? Chini ni ufukweni, kwenye mchanga mgumu, maji yakiwa yamekupwa. Juu ni ukingoni mwa mwamba wa matumbawe ulioinuka juu ya bahari, sehemu kwa sehemu, kuelekea kusini-mashariki. Mlima hatuna. Aliyezoea Uluguru au Usambara akioneshwa mwamba wetu atacheka, maana pengine hauzidi urefu wa mnazi mchanga. Lakini ndio mgongo wetu, na kutoka Feri, kwenye kituo cha pantoni, hadi Kimbiji ni zaidi ya kilomita 30, safari ya alfajiri hadi magharibi.

Haikuwa njia moja. Hilo ndilo wageni wengi hawalielewi. Kila mtaa ulikuwa na vinjia vyake: cha kisimani, cha msikitini, cha kushukia pwani kuchokoa pweza, cha kwenda shambani kwenye mikorosho. Msafiri wa Kimbiji aliviunganisha. Aliacha cha kisima akashika cha makaburini, akakata shamba la mtu, akatokea kwenye mbuyu, akashuka ufukweni kidogo maji yakiwa mbali, kisha akapanda tena juu. Aliyekijua kijia cha kwao tu alifika kijiji cha pili akakwama.

Mimi nilifundishwa na mjomba wangu, mwishoni mwa miaka ya 1980. Alikuwa mkwezi wa minazi, miguu ameivalisha katambuga, begani mfuko wa kiroba wenye mihogo ya kuchoma na chumvi. Tulikuwa tukienda misibani na harusini, mara nyingine kwa sababu tu kuna jamaa hajaonekana muda mrefu. Tukitoka Feri tuliizunguka kambi ya jeshi la wanamaji kwa mbali, tukatokea Mikadi, jua linachomoza. Mjimwema tulikunywa chai ya kwanza, maana baada ya hapo mama ntilie walikuwa wa kubahatisha.

Nilichokuja kukithamini ukubwani ni namna tulivyopita. Kijia kilikatiza uani kwa watu, kati ya jiko na kamba ya kuanikia nguo. Mjomba alianza kupaza sauti tukiwa bado mbali: “Hodi wenyewe! Wapita njia!” Akasubiri. Hakutia mguu kabla hajaitikiwa. Na jibu lilikuwa lilelile karibu kila nyumba, kutoka kwa bibi anayekuna nazi au mzee anayesuka ukili: “Piteni baba, njia si yetu.” Halafu tuliulizwa za huko tutokako, na wakati mwingine tulipewa maji. Kama kuna dafu, mjomba aliupanda mnazi mwenyewe, akaangusha na la mwenye nyumba.

Gezaulole tulipumzika. Katika miaka ya 1970 kilikuwa kijiji cha Ujamaa, nacho kilipokea watu waliotolewa mjini waende wakalime. Lakini kabla ya Ujamaa palikuwa na Mbwamaji, mji wa Waswahili uliokuwepo muda mrefu kabla Sultani Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Makaburi ya kale yapo, na kijia kilipita kando yake. Mjomba alivua kofia akasoma Fatiha, nami nikitazama visiwa vya Sinda baharini. Sikuambiwa historia ya pale. Nilifundishwa tu kwamba hapapitwi kwa kelele. Mpaka leo naona ni somo bora kuliko bango.

Kutoka hapo ni Mbutu, kisha Amani Gomvu, na jua limeshakuwa kali. Sehemu hii ndiyo iliyonishinda utotoni: mwamba unachoma kama bati, kivuli ni cha mkadi mmojammoja, na Kimbiji haionekani. Nitaipita haraka hapa kama nilivyotamani kuipita wakati ule.

Basi njia hiyo ilikufaje? Watu wengi hulitaja daraja la kutoka Kurasini. Mimi nabisha. Kilichoanza kuiua ni kitu kidogo cha zege, urefu wa kiganja, kilichochomekwa ardhini bila kelele: bikoni, alama ya mpaka wa kiwanja.

Mwaka 2002 serikali ilianza mradi wa kupima viwanja 20,000 jijini Dar es Salaam, na kwa upande wetu vilipimwa Kibada, Mwongozo na Gezaulole, miongoni mwa maeneo mengine. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Kiwanja chenye hati kilikuwa heshima, na mwenyewe alijua hakuna atakayemhamisha kienyeji. Mchoro ulionesha barabara zilizonyooka, eneo la shule, eneo la soko, eneo la wazi. Vijia havikuoneshwa. Wala sidhani ni ubaya wa mtu. Mpimaji hutafuta kitu chenye mpaka, upana na mwenyewe. Kijia chetu kilipinda kufuata kivuli, masika kilihama kukwepa dimbwi, na ukimuuliza mtu ni cha nani, atakujibu: njia si yetu. Neno lililotupitisha miaka yote ndilo lililotukosesha ushahidi.

Waliofuata walikuwa wanunuzi wa ufukwe. Mara ya kwanza ni uzio wa michongoma, na kwenye michongoma mtu hupata upenyo. Kisha nguzo na waya. Kisha ukuta wa tofali wenye chupa juu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, isipokuwa kama miongozo inavyoruhusu. Ungetembea nami ukatazama kuta zinakoishia, usingejua kama sheria hiyo ipo. Siku moja nilisimamishwa na mlinzi wa hoteli moja, kijana mwenye adabu zake. “Shikamoo mzee. Samahani, hapa hapapitiki siku hizi, bosi hataki. Zungukia barabarani.” Nilimwonesha mahali tulipokuwa tukipita. Akatazama, pamepandwa majani ya bustani. Akanionea huruma kweli, lakini geti hakulifungua, na sikumlaumu, kwa sababu ndiyo kazi anayolipwa.

Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa mji mpya wa Kigamboni, na wakazi wa eneo la mpango wakazuiwa kujenga na kuuziana. Majirani zangu waliumia sana. Mtu ana tofali zake, ana mke na watoto, haruhusiwi kuongeza chumba, wala haelezwi atalipwa lini. Sina cha kukitetea kipindi kile. Ila nitasema jambo ambalo halisemwi: vijia vya eneo lile vilipumua. Kwa kuwa ukuta mpya haukuruhusiwa, upenyo wa zamani ulibaki, na nilipita Mjimwema kwa hodi kama zamani huku wenyeji wangu wakilalamika. Mpango wenyewe haukujengwa kama ulivyochorwa.

Aprili 2016 Rais Magufuli alizindua daraja la kutoka Kurasini, mita 680, ambalo fedha zake nyingi zilitoka kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Anayelisema vibaya hajawahi kusubiri pantoni na mgonjwa usiku wa manane. Kipindi hichohicho Kigamboni ikakatwa kutoka Temeke ikawa wilaya. Bei ya ardhi ikaruka. Madalali wakajaa hadi Kimbiji na Pembamnazi, kila mti una kibao cha namba ya simu. Na bodaboda zikafika mpaka mlangoni. Hapa nasi tuna sehemu yetu: kijia hufa pia kwa kukosa nyayo. Masika mawili bila mtu, majani yamekifunika, na mtoto wa nyumba ile anakua akidhani uani kwao hakujapata kupita mgeni.

Juu, basi, kumebaki vipande tu, na baadhi yake haviungani tena.

Kilichonirudisha kwenye habari hizi ni mpwa wangu, msichana wa chuo anayependa milima. Tangu treni ya umeme ianze safari za Morogoro, Juni 2024, yeye na wenzake hawakauki Uluguru. Wanalala Morogoro, alfajiri wanapanda kupitia Morningside, au wanaikabili Lupanga, mita 2,138, na kushinda mgongoni mwa mlima mpaka jioni. Aliponisikia nikisimulia njia ya Kimbiji akaniambia, “Mjomba, twende.” Tukaenda. Tulipofika ukuta wa nne au wa tano hivi akasimama akacheka: “Mjomba, Lupanga ni rahisi kuliko hapa. Kule unalipa kiingilio mara moja, hukuti geti tena.”

Lilikuwa neno la utani, nami nililibeba siku nzima. Msitu wa Uluguru ni hifadhi, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Njia zake zinajulikana, zina waongozaji, na hakuna wa kuamka asubuhi akajenga choo katikati. Sisi tuliitegemea hodi. Hodi ni ulinzi mzuri mradi anayeitikia ni jirani. Mwenye nyumba akiwa anaishi Masaki au Dubai, na anayekaa ni mlinzi na mbwa wawili, utamwitia nani?

Kwa hiyo siku hizi tunapita chini, na chini kuna masharti ya bahari. Nenda siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu. Siku hizo kwetu maji hujaa alfajiri, hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hurudi na kujaa tena saa kumi alasiri. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, kwa hiyo ufukwe unaouona mpana saa tano, saa tisa haupo. Maji yanapiga ukutani, nawe huna pa kupandia. Ya zamani ilikuwa safari ya kutwa; ya sasa ni ya kukimbizana na saa, na kwa mwendo wangu wa uzee hatukuvuka Gezaulole. Mpwa wangu alitaka tuendelee. Nilimwonesha maji, akanyamaza, tukatoka barabarani kutafuta bajaji.

Kusini zaidi bado kuna nafasi. Kuna sehemu za Kimbiji na Pembamnazi ambako kasa bado hupanda kutaga, na mtu bado huitikiwa hodi. Lakini wapimaji wako njiani, na barabara inaboreshwa, na hayo ni mambo mema. Ninachowaomba Manispaa ya Kigamboni na wenyeviti wa mitaa ni kazi ya wiki moja kabla ya bikoni: wakae na wazee, watembee nao, wavichore vijia vilivyopo, wavipe upana wa mita 2 na viingie kwenye mchoro wa mipango miji kama inavyoingia barabara. Kila baada ya viwanja kadhaa paachwe pia pa kushukia pwani. Na wewe msomaji uliyenunua kiwanja upande ule, kabla hujaleta fundi wa ukuta, muulize jirani yako mzee watu walikuwa wanapita wapi, kisha waachie pa kupita.