Nani Aliyewahesabu?

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiufungua mhadhara wangu wa kwanza wa isimujamii kwa idadi ya wasemaji wa Kiswahili. Awali nilitaja milioni 100. UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na zaidi ya milioni 200 kutajwa, nami nikahamia huko bila kusita. Wanafunzi walinakili. Hakuna aliyeuliza, na kusema kweli nilipenda wasiulize, kwani tarakimu kubwa humvimbisha kichwa mpenzi wa lugha.

Aliyenikatiza alikuwa mwanafunzi mmoja wa kike wa mwaka wa pili. "Samahani mwalimu, nani aliyewahesabu?" Darasa likaangua kicheko. Nikamjibu, kwa ukali usio na sababu, kwamba aende akasome.

Akasoma. Majuma mawili baadaye alinijia ofisini na matokeo ya sensa mbili za Kenya. Mwaka 2009 waliojitambulisha kuwa Waswahili walizidi 110,000. Mwaka 2019 walikuwa takribani 56,000, ilhali idadi ya watu wote nchini ilikuwa imepanda kutoka milioni 38.6 hadi milioni 47.6. "Je, mwalimu, niandike kwamba Waswahili wanaangamia?" Yamkini mimi ningaliandika. Anwani ya makala ilikuwa imekwisha kuniiva akilini!

Tuliketi tukalichambua jambo hilo hadi jioni. Swali la sensa lilihusu kabila, wala si lugha, na karani huandika jibu analopewa. Mwenyeji wa Lamu au Mombasa aweza kujiita Mswahili, Mbajuni au Mwarabu. Akibadili jibu, idadi hupungua pasipo mtu kuzikwa. Kwa upande mwingine, Mkikuyu wa Nakuru anayezungumza Kiswahili kutwa kucha hamo katika hao 56,000. Na katika zile milioni 200, je, yumo anayekijua Kiswahili cha kuombea bei sokoni tu? Sikuwa na jibu.

Mwanafunzi huyo amekwisha kufuzu, nami sikuwahi kumwomba radhi. Muhula huu niliiandika tena ile milioni 200 ubaoni, kisha nikaliandika swali lake chini yake. Saa nzima ilipita tukibishana juu ya neno "msemaji", na mada niliyoiandaa haikuguswa.