Kemshafti Mpya, Tapeti za Zamani

Baba aliniandikia vitu viwili: kemshafti moja na tapeti nane. Mimi nikanunua kimoja.

Baba yuko Tanga, nami niko London. Gari lake ni Morris Minor 1000, injini ya sisi 1098, alilorithi kwa ami yake. Magari hayo yaliundwa Cowley, Oxford, na uzalishaji wake hapa Uingereza ulikoma mwaka 1971, lakini spea bado zinauzwa. Ndiyo maana kila injini ile inaposhushwa, simu inalia kwangu.

Safari hiyo injini ilikuwa inagonga, tik-tik-tik. Fundi alipima nafasi ya valvu, akairudisha kwenye inchi 0.012 injini ikiwa baridi, lakini baada ya wiki mbili ikawa imepanuka tena. Alipofungua akakuta nundu mbili za kemshafti zimelika.

Kwa asiyeijua, kemshafti ni mhimili wa chuma unaozunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Katika injini ile una nundu nane. Kila nundu huinua tapeti yake, kikombe kidogo cha chuma. Tapeti husukuma fimbo, fimbo husukuma roka, na roka hufungua valvu.

Mwezi ule nilikuwa nimeshatuma ada za shule za wadogo zangu. Nikaangalia bei, nikaangalia picha ya tapeti za zamani alizonitumia baba. Zilikuwa zinang'aa. Nikajiambia zitafaa. Kisha nikampigia nikamwambia dukani tapeti zimekwisha. Hazikuwa zimekwisha.

Kemshafti ilifika kwenye begi la jirani yetu aliyekwenda likizo. Fundi akaifunga na tapeti zilezile. Mlio ulitulia mwezi mmoja, kisha ukarudi mkali kuliko mwanzo. Baba akanitumia picha nyingine: kemshafti mpya, nundu tatu zimelika, imelazwa juu ya gazeti. Chini aliandika, "Mama, nilikuandikia vitu viwili." Hakuongeza neno.

Nilirudi dukani siku yangu ya mapumziko. Mzee aliyekuwa kaunta alichukua tapeti kuukuu, akalaza rula ya chuma juu ya uso wake na kuielekeza dirishani. Mwanga ulipita katikati: uso ulikuwa umebonyea. Akaniambia uso wa tapeti mpya una uvimbe mdogo sana, usioonekana kwa macho, na nundu ya kemshafti nayo imesagwa na mwinamo mdogo. Hivyo viwili vikikutana, tapeti huzunguka kila inapoinuliwa, na mkwaruzo haukai mahali pamoja. Tapeti iliyobonyea haizunguki vizuri. Inakwangua. Ngozi ngumu ya nundu ikishatoboka, chuma cha ndani huisha haraka, na unga wake husambaa na oili hadi kwenye beringi.

Nilisimama pale nikiona haya. Mimi ni muuguzi. Kazini hatumwongezei mgonjwa damu mpaka maabara imeilinganisha na yake, na hata kitandani tunahakiki upya jina na namba. Mwenzangu akikisia, namzuia. Ya baba nilikisia.

Ndugu msomaji, kama nawe una mzee mwenye gari la aina hii, shika haya. Kemshafti mpya hufungwa na tapeti mpya, zote. Kemshafti kuukuu ikiwa nzima inaweza kurudi na tapeti zake, ila kila tapeti irudi kwenye nundu yake ileile. Fundi azipange kwenye trei ya mayai na kuziandika namba. Kabla ya kufunga, nundu na nyuso za tapeti zipakwe grisi maalumu ya kemshafti. Injini ikishawaka isiachwe sailensa: iende mizunguko kama 2,000 kwa dakika, kwa dakika 20 hivi, maana kwa mwendo mdogo oili haifiki vizuri kwenye nundu. Na oili iwe ya magari ya zamani, yenye zinki ya kutosha. Nyingi za kisasa zimepunguziwa.

Nilinunua kemshafti nyingine na tapeti nane, kwa zamu mbili za ziada za usiku. Kisha nikapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Baba, zile tapeti hazikuwa zimekwisha dukani. Niliona pesa nyingi."

Akanyamaza. Nikasikia redio yake ikiongea.

"Nilijua," akasema. "Duka la kukosa tapeti halikosi kemshafti? Sasa chukua kalamu uandike. Kuna na gasketi."

Safari hii niliandika yote, nikamsomea tena mwanzo hadi mwisho.